Aliyesimama Mahali pa "Cannot"

Kwenye kabati la idara ya Kiingereza, rafu ya chini, nyuma ya globu iliyopasuka upande wa Australia, mtakuta boksi la mafuta ya kupikia lenye kadi za maneno. Nimewaachia. Zimo za nafsi, za vitenzi, za vielezi, na nukta moja kubwa niliyoikata kutoka kwenye kifuniko cha ndoo. Mkizipanga mtaona kadi moja imepungua, nayo ndiyo mtakayoihitaji kuliko zote. Msimlaumu mtunza stoo. Nitaeleza ilikokwenda, ila kwa utaratibu wangu, maana mtu akistaafu kitu pekee anachobaki kukitawala ni mpangilio wa maneno yake.

Mkuu wa idara, binti niliyemfundisha mwenyewe kidato cha pili na ambaye sasa ananiita "mzee" bila aibu yoyote, aliniomba niwaandikie walimu vijana kuhusu uzoefu wangu. Uzoefu ni jina la heshima la kufanya jambo lile lile mpaka likakuchosha. Kwa maana hiyo ninao wa kutosha. Muhtasari ulinitaka nifundishe mambo mengi, na andalio la somo linaonyesha kwamba niliyafundisha, lakini nikijiuliza kwa dhati nimefanya nini miaka yote hii, jibu ni moja: nimekuwa nikielekeza watu mahali pa kuweka kielezi katika sentensi ya Kiingereza ambayo kitenzi chake kisaidizi kimekanushwa.

Ninyi mnalijua somo hilo, lakini nilitaje ili mtu mwingine akiokota karatasi hizi asipotee. Mwingereza husema "She cannot always come." Hilo "always" linakaa mara tu baada ya "cannot", halitangulii, wala haliendi kulala mwisho wa sentensi. Ndivyo ilivyo pia kwa "should not" na "must not" na ndugu zao. Kwetu sisi, "hawezi kuja siku zote" na "siku zote hawezi kuja" ni sentensi zinazoweza kutoka katika mdomo mmoja asubuhi moja. Kielezi cha Kiswahili ni mbuzi asiye na mchungaji: kinakula mbele, kinakula nyuma, jioni kinarudi nyumbani chenyewe. Cha Kiingereza kimefungwa kamba kwenye kigingi. Kazi yangu ilikuwa kukaza kamba. Sijawahi kusikia Mwingereza aliyeugua kwa sababu mtoto wa kijiji cha Masakta ameweka "always" pasipo pake, lakini mtihani huumia haraka, nami nililipwa kuulinda mtihani. Wanafunzi waliniita Kielezi. Walidhani sijui.

Nilikuja Hanang nikitokea chuo kikuu, na kabla ya hapo Mbulu juu, kwenye ukungu na maharage, ambako watu huvaa sweta mpaka mwezi wa kumi na moja. Nilishuka tambarare na sweta langu. Saa nne asubuhi nililivua, jioni upepo ukanitaka nilivae tena, na tangu siku hiyo nimeishi hivyo, sweta likiwa begani kama mtu asiyejua anakwenda wapi. Mkuu wa shule alinipa boksi la chaki na darasa lililojaa hadi madirishani. Wanafunzi walisimama wote wakanipa shikamoo kwa sauti iliyonitikisa, kisha wakakumbuka kwamba ni kipindi cha Kiingereza, wakaniambia "Good morning, sir" kwa sauti ile ile, wakangoja.

Nikawamwagia chuo kikuu chote. Nilizungumza juu ya uwezekano, ulazima na mtazamo wa msemaji. Nilichora miti ya sentensi yenye matawi mengi kuliko mti wowote uliokuwa kwenye kiwanja cha shule. Kila nilipouliza kama wameelewa, walijibu "Yes, sir." Nilipouliza kama hawajaelewa, walijibu vilevile. Ilinichukua muda kujua kwamba upande huu mtoto anayemwambia mwalimu "sijaelewa" anajisikia kama amemwambia mwalimu "hujafundisha", na hakuna mtoto aliyelelewa vizuri anayeweza kumtamkia mkubwa jambo hilo asubuhi yote ile.

Nilipotoka, mwalimu mmoja mama wa makamo alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu akisahihisha. Jina lake Mwalimu Paskalina. Alikuwa amesikia yote, kwa kuwa ukuta wa darasa langu haukufika kwenye paa.

"Mwalimu," akaniuliza bila kuinua kichwa, "umetoka kufundisha au kuhubiri?"

Nikasema kufundisha.

"Haya. Maana nimesikia amina nyingi."

Kesho yake aliniletea kadi. Alizikata kutoka kwenye maboksi, akaandika maneno kwa kalamu nene, akatoboa tundu juu, akapitisha kamba ili mtoto azivae shingoni. Kadi ya "can" na kadi ya "not" alikuwa amezishona pamoja kwa uzi wa gunia, na sindano aliyotumia ilikuwa ile ya kushonea magunia ya mahindi, kwa hiyo mshono ulikuwa wa kudumu. Mafundisho yake yalikuwa mafupi. Neno lina miguu, alisema, lisimamishe. Watoto watano au sita wavae maneno, wasimame mbele, wengine wawapange mpaka sentensi ikae sawa. "Can" na "not" ni mume na mke. Kielezi ni mtoto wao mdogo, anakaa ubavuni kwao, hapelekwi kulala mwisho wa boma. Nilipomuuliza kuhusu "really" na "probably", ambavyo vinaweza kutangulia mbele ya "cannot" bila kumuudhi mtu yeyote, alivua miwani akanitazama kwa huruma. Wale ni wageni, alisema, wageni hukaribishwa mbele. Wafundishe mwakani, mwaka huu wajue kwanza wenye nyumba.

Nimefundisha hivyo tangu siku hiyo. Sikubuni chochote. Mkisikia walimu wakisema Kielezi alikuwa na mbinu yake, jueni ni ya mama mmoja wa Mbulu ambaye sasa ana bustani ya vitunguu na simu yenye sauti ya juu sana.

Ushauri wa vifaa, kwa kuwa mliuomba. Boksi la mafuta ni bora kuliko manila, halijikunji kwa jasho. Herufi ziwe ndogo isipokuwa ya mwanzo wa sentensi, la sivyo kila mtoto atataka kuwa wa kwanza. Chaki ya rangi ni ya siku ya mkaguzi. Na viatu: mwalimu wa lugha anasimama kuliko mlinzi. Magoti yangu yanajua kila saruji iliyomwagwa vibaya katika wilaya mbili.

Kulikuwa na kipindi nilipelekwa Yaeda Chini kuziba pengo la mwalimu aliyehama. Barabara ya kule inamfundisha mtu unyenyekevu, hasa wa mgongo. Tulipanga mistari yetu nje, kwenye mchanga, na baadhi ya watoto walitoka katika familia zinazoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, familia zinazohama mahali panapoisha chakula. Wao mstari uliwachekesha. Mmoja aliniuliza kwa nini neno lingoje zamu hapo hapo wakati kuna nafasi nyingi upande ule. Nilimweleza kigingi na kamba. Akafikiri, akasema basi Kiingereza kinafugwa. Nilirudi Hanang bado sijapata jibu zuri zaidi.

Sasa nifike kwenye kadi.

Miaka ya mwisho mwisho, nilipokuwa nimechoka kiasi kwamba ningeweza kufundisha nikiwa nimelala, na nadhani siku nyingine nilifanya hivyo, niliombwa kusaidia darasa la Jumamosi huko Gehandu. Lilikuwa la watu wazima waliotaka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Tulitumia chumba cha shule ya msingi. Walikuja fundi wa pikipiki, mke wa mwinjilisti, vijana wawili wa duka la dawa za mifugo, na wengine waliokuja na kuondoka kulingana na mvua. Na alikuja Udaweda.

Udaweda alikuwa mke kijana wa familia ya wafugaji, Wabarabaig, wenye ng'ombe wengi upande wa chini. Alikuwa ameacha shule akaolewa, akazaa mtoto mmoja, mtoto akaanza kutembea, ndipo akasema anataka kuwa muuguzi. Alikuwa amefika zahanati siku ya kujifungua kwake akamkuta mhudumu asiyesikia lugha ya mama yake mkwe, na mama mkwe asiyesikia ya mhudumu, naye katikati, akitafsiri huku ana uchungu. Alinisimulia hilo mara moja tu na kwa ufupi. Chuo cha afya alichokitaka kilidai afaulu Kiingereza. Mume wake alikuwa safarini na mifugo sehemu kubwa ya mwaka, na hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa baba mkwe, Mzee Gidamasa.

Mzee aliruhusu masomo ya Jumamosi kwa sharti moja, kwamba naye awepo aone kinachofundishwa. Hakuja kama mlinzi. Alisema vikao vya kijiji siku hizi vimejaa maneno ya Kiingereza, na yeye amechoka kupigia makofi asichokijua. Madawati ya watoto yalimkataa, kwa hiyo alibeba kigoda chake, akakiweka upande wa kulia mbele, akafunga shuka vizuri, akakaa. Udaweda alikaa nyuma kabisa upande wa kushoto, karibu na mlango, ushungi umeshuka upande ule aliko mzee.

Mimi ni wa Mbulu, lakini nimekaa huku muda wa kutosha kujua kinachoendelea. Katika familia ile mke wa mwana hamtaji baba mkwe jina, hasimami karibu naye, na wakikutana njiani humpisha kwa mbali. Hakuna anayelazimishwa kwa fimbo. Ni namna ya kumwambia mtu kila siku, bila kufungua mdomo, kwamba unajua yeye ni nani. Nikapanga darasa langu kwa kuzingatia hilo. Mzee alikuwa mtazamaji, Udaweda mwanafunzi, na chumba kilikuwa kikubwa.

Kisichokuwa kwenye andalio la somo ni kwamba mzee angeupenda mstari. Jumamosi ya kwanza alitazama watu wazima wakivaa maneno shingoni na kusukumana. Ya pili alisimama kutoka kwenye kigoda, akachukua ile kadi iliyoshonwa kwa uzi wa gunia, akaigeuza, akauliza maana yake. Nikamwambia ni neno la kukataa.

"Basi hii ya kukataa nipe mimi," akasema. "Ninyi wote bado wadogo."

Darasa lilicheka, naye akacheka, akavaa. Tangu hapo kila Jumamosi mzee alikuwa "cannot". Alisimama katikati ya mstari mikono nyuma, kifua mbele, na ni lazima niseme kwamba sijawahi kuona ukanushi uliosimama vizuri namna ile. Fundi wa pikipiki alivaa "always" akasimama ubavuni kwake, siku nyingine mke wa mwinjilisti akavaa "easily". Udaweda nilimpa nafsi ya mwanzo au kitenzi cha mwisho, kadi za mbali. Nilijiona mwalimu mwenye busara. Kila mmoja alikuwa mahali pake na heshima ilikuwa imelindwa.

Halafu nikaanza kuwapa mazoezi ya kuandika. Udaweda alikuwa na kichwa chepesi kuliko wote. Nyakati alizipata, viunganishi alivipata, barua aliandika ya kumwomba mkurugenzi kisima mpaka nikatamani kumpa kisima mimi. Lakini kila sentensi yenye "cannot" kielezi chake kilikuwa uhamishoni. "Always the cow cannot drink." "We cannot cross the river in April easily." Alikipeleka mwanzo kabisa au mwisho kabisa, na kama sentensi ilikuwa ndefu, alikipeleka mbali zaidi. Nilisahihisha kwa wino mwekundu. Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akarudia kosa. Nilisahihisha tena. Katika mtihani wa majaribio niliowatungia, sehemu ile aliikosa yote, na sehemu ile peke yake ilitosha kumweka chini ya mstari wa kufaulu. Bila Kiingereza hakuna chuo, na mzee alikuwa amesema wazi kwamba ruhusa ni ya mwaka mmoja. Mwakani mtoto wa pili, mwakani ng'ombe, mwakani mengine.

Nilibaki naye mchana mmoja baada ya wenzake kuondoka, mlango wazi, mke wa mwinjilisti akifagia ili tusiwe wawili. Nikaandika ubaoni sentensi yenye nafasi baada ya "cannot", nikampa chaki, nikamwambia aweke "always". Alisogea mpaka karibu na ubao, akasimama. Mkono uliinuka ukaishia hewani. Nikamwambia kwamba nafasi iko pale, tupu, aijaze tu.

"Mwalimu," akasema polepole, "pale pana mtu."

Mke wa mwinjilisti aliacha kufagia.

Mimi nilikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu. Jumamosi zote zile nilikuwa nikimfundisha vizuri kuliko nilivyojua. Mwalimu Paskalina alisema neno lina miguu, na kwa Udaweda lilikuwa na miguu kweli, na shuka, na jina ambalo yeye hatamki. Alipofika kwenye "cannot" kalamu yake ilipisha njia, kama yeye mwenyewe alivyopisha. Hakuwa anakosea. Alikuwa na adabu.

Jioni ile nikampigia simu Mwalimu Paskalina. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Nikamwambia naweza kumnyang'anya mzee kadi, lakini mzee akiudhika, ruhusa inakwisha siku hiyo hiyo. Naweza kumwacha nayo, na mtihani utayakatisha masomo ya Udaweda kwa niaba yake. Akasema nisimnyang'anye na nisimdanganye. "Nenda kwake umwambie umekwama," akasema. "Ni kweli umekwama. Hiyo huhitaji hata kuigiza."

Nilikwenda katikati ya juma. Shikamoo, marahaba, kigoda, chai ya maziwa. Tuliongelea nyasi na mvua, tukaongelea ng'ombe mmoja aliyevunjika pembe, na mtu wa dawa za mifugo asiyepokea simu. Ndipo nikasema kwamba mke wa mwanawe anajua kila kitu nilichofundisha isipokuwa mahali pamoja, na nilipomuuliza kwa nini, alisema pale pana mtu.

"Mtu gani?"

"Wewe, Mzee."

Alishusha kikombe. "Kwenye karatasi pia nipo?"

"Upo."

Alicheka mpaka akakohoa. Akamwita mkewe, akamweleza kwa lugha yao, naye mama akacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Nilicheka pia, kwa adabu ya mgeni. Walikuwa na haki ya kufurahi. Wangapi kati yetu tunaheshimiwa hadi kwenye mazoezi ya kujaza nafasi? Mzee ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Na sasa umekuja kunitoa."

Nikasema nimekuja kumwambia nimekwama.

Akaniuliza kama nina watoto wa kike. Ninao. Wamesoma? Wamesoma. Wanarudi nyumbani? Nikasema sikukuu, kazi zikiwaruhusu.

"Wakirudi wanakusalimia namna ile ile?"

Niliwafikiria binti zangu, ambao hunitumia shikamoo kwa simu ikifuatiwa na picha ya uso unaocheka, na wakija hunikumbatia begani huku wakitazama kama chaja ipo. Ni watoto wazuri. Nikasema wananisalimia.

"Sikuuliza kama wanakusalimia."

Mbuzi walipita. Mzee aliwangoja wapite, kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira. Huyu, alisema, nikimwondolea mtu pale leo, kesho atasimama popote. Kesho kutwa atafika huko chuoni, atakaa na watu asiojua ni nani kwake, na akirudi hatajua tena mimi ni nani. "Hapo ndipo mtasema amefaulu?"

Nilikuwa na digrii. Nilikuwa nimesoma nadharia tatu za ujifunzaji wa lugha ya pili na kuzikosoa zote. Hakuna hata moja iliyonipa cha kumjibu mzee yule, na nilikuwa nimechoka mno kubuni. Nikamwambia sijui.

"Kunywa chai," akasema.

Huku kwetu maana yake ni kwamba maongezi yameisha. Nilitembea hadi barabarani nikiamini nimemwua Udaweda kielimu kwa mikono yangu.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya mtihani. Mzee alikuja na kigoda chake kama kawaida. Udaweda alikaa mlangoni. Nilipogawa kadi, mzee alipokea ile yake, akaitazama kwa muda mrefu, asiivae. Akachukua kigoda akakiweka katikati ya mahali pa mstari, akailaza kadi juu yake, akainyoosha kamba isining'inie.

"Mwalimu," akasema, "mimi natoka kidogo kuangalia ng'ombe."

Hapakuwa na ng'ombe. Ilikuwa shule ya msingi, Jumamosi, na mifugo yake yote ilikuwa upande wa pili wa mlima. Hakuna aliyemkumbusha. Udaweda alisimama akampisha mlangoni kwa mbali, uso chini, naye mzee akatoka, akapita dirisha la kwanza, akapita la pili, akaenda kusimama kwenye kona ya kiwanja akiwa ametugeuzia mgongo.

Nilimpa fundi wa pikipiki "She". Mke wa mwinjilisti nilimpa "come". Wakasimama kila mmoja upande wake na kigoda katikati. "Always" niliishika mwenyewe, nikangoja. Sikusema neno. Ndiyo mbinu pekee niliyowahi kubuni mwenyewe, na niliigundua kwa kuishiwa maneno.

Udaweda alitazama dirishani. Alihakikisha mgongo wa mzee uko kule. Kisha alikuja akachukua kadi kutoka mkononi mwangu, akaivaa, akateremsha ushungi kidogo kuelekea kwenye kigoda, kama mtu anayeomba njia, akasimama pale. Hakukigusa. Lakini alisimama pale. Akasoma sentensi yote kwa sauti, na sauti ilipofika kwenye "cannot always" ilishuka ikapita polepole, kama unavyopita mlangoni kwa mkubwa aliyelala.

Tulifanya "easily". Tulifanya "ever". Kigoda hakikuchoka. Mzee alikaa kule nje mpaka jua likambadilisha upande, na niliporuhusu darasa alirudi, akaokota kigoda chake na kile kilichokuwa juu yake, akaviweka kwapani chini ya shuka, akasema kwaheri. Kadi iliondoka hivyo. Sikuidai. Mwanamume akitoa alichotoa yeye siku ile, humwombi tena na kipande cha boksi.

Mtihani ulikuja. Udaweda aliniambia baadaye, kwa uso mkavu kabisa, kwamba swali la vielezi halikuwemo. Hakuna hata moja. Waliulizwa juu ya mjadala wa ufugaji wa nyuki. Nilimwomba radhi kwa niaba ya Baraza la Mitihani na lugha ya Kiingereza kwa jumla. Alifaulu, si kwa alama za kuimbiwa, lakini zilitosha chuo. Familia ilikaa kikao, na nilivyosimuliwa, mzee alizungumza mwisho, akasema aende, na akirudi likizo apite njia ile ile aliyotokea. Wengine walidhani anaongelea barabara.

Siku yenu ya kuniaga mlifunga turubai, mkanipa blanketi, beberu na hotuba. Nawashukuru, hasa kwa beberu, ambaye hakusoma hotuba. Udaweda alikuja, amevaa viatu vyeupe vya kazi kwa kuwa alitoka zamu moja kwa moja, zahanati ya mbali ambako sasa hakuna mama anayetafsiri uchungu wake mwenyewe. Alipoingia chini ya turubai alimwona Mzee Gidamasa amekaa safu ya mbele karibu na njia. Mshereheshaji alimwonyesha kiti kilicho wazi pembeni ya mzee, akamhimiza kwa kipaza sauti, dada karibu, usiogope. Udaweda aliinamisha uso, akavuta kitambaa kichwani, akarudi nyuma. Alizunguka turubai lote kwa nje, akapita jikoni katikati ya masufuria, viatu vyeupe kwenye majivu, akatokea upande wa pili kwenye kiti cha nyuma kabisa.

Mshereheshaji alitania kwamba wauguzi wanapenda jikoni. Mzee hakugeuka. Alinitazama mimi kule meza kuu, muda mrefu, kisha akainua chupa ya soda, akanywa.

Kwa hiyo kadi msiitafute. Tengenezeni nyingine, boksi la mafuta, kalamu nene, "can" na "not" mzishone pamoja kwa uzi wa gunia. Na kabla hamjamvalisha mtu, angalieni kwanza ni nani atakayesimama jirani naye.